Kabla Mkodi Kompyuta za Winguni, Ulizeni Funguo Ziko kwa Nani

Leo sina simu mpya ya kufungua kwa boksi wala kamera mbili za kulinganisha. Leo tuongee kuhusu kompyuta ambayo hutawahi kuigusa, kwa sababu iko Afrika Kusini, na kuna jamaa anataka kikundi cha akina mama na vijana wa Kivaa kiilipie kila mwezi. Kwa dola.

Msimamo wangu nautoa mapema, ndio ukitaka kunikasirikia uanze sasa. Kikundi kidogo, shule, ama shirika la mtaa halifai kuanza kwa kuuliza, "Tuchukue ya Amazon ama ya Microsoft?" Hilo ni swali la muuzaji. Maswali yenu ni mawili: nani atashika funguo, na siku pesa ikikosekana vitabu vyetu vitaenda wapi? Mkishayajibu hayo, kuchagua kampuni inakuwa kazi ndogo.

Na wewe uko zako Umoja ama Syokimau unasoma hii ukisema haikuhusu. Subiri. Chama cha mama yako kina rekodi. Ofisi utakayoenda kufanya atachi itakupa kompyuta, na siku hizi kuna nafasi kubwa hiyo kompyuta iwe ni dirisha tu, mashine yenyewe iko mbali. Kwa hivyo kaa hapa.

Kivaa iko Masinga, kaunti ya Machakos, upande ule wa mabwawa ya Seven Forks. Gitaru peke yake ina uwezo wa megawati 225. Yaani stima inatengenezwa jirani na sisi, na bado ikipotea tunabaki kuulizana kwa WhatsApp, "Kwenu iko?" Weka hiyo akilini, itatusaidia mbele.

Kikundi chenyewe sitakitaja jina. Wanaweka akiba, wanakopeshana, na wakati wa mavuno wanakusanya ndengu za wanachama wauze pamoja ili broka asiwanyonye mmoja mmoja. Ofisi ina kompyuta saba za mitumba, zote Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walimaliza kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama, na Windows 11 inakataa mashine nyingi za zamani, hizo saba zikiwa ndani. Hapo ndipo jamaa alipotokea na slaidi zake. Amevaa poa, anaongea poa. Ofa yake: kila mfanyakazi apewe kompyuta yake ya winguni, watu saba, malipo ya mwezi, yeye ataweka kila kitu. "Nyinyi mtaingia tu na nywila."

Kompyuta ya winguni ni hivi. Unapotazama mechi kwa TV, mechi haichezwi ndani ya TV, unaletewa picha. Hii pia unaletewa picha ya kompyuta, ila tofauti na mechi, unaweza kushika mpira. Ukibonyeza kitufe, huko kubonyeza kunasafiri hadi kwa seva, seva inafanya kazi, inakurudishia picha mpya. Mashine iliyo mbele yako haina kazi kubwa. Kama umewahi kuingia maabara ya Jitume kwenye chuo cha ufundi, tayari umeonja wazo hilo: vifaa viko darasani, lakini kompyuta pepe zenyewe zinatoka kituo cha data cha Konza. Na Konza si mbali na sisi, ni pale Malili, Makueni, mpakani na Machakos.

Sitasema jamaa alikuwa anauza hewa. Faida zipo. Mwizi akivunja ofisi usiku anabeba skrini na mifupa ya kompyuta, rekodi za akiba hazibebi. Ile Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, nchi nzima ilipokosa stima hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza, mtu aliyekuwa anafanya kazi kwa kompyuta ya winguni alipoteza skrini tu. Kazi ilibaki wazi kule mbali ikimngoja. Huku kwetu stima inapokatika katikati ya kujumlisha mikopo, hiyo si faida ndogo. Hata kuna kitu jamaa alisahau kusema na kingemsaidia: Microsoft walitangaza kwamba mashine ya Windows 10 inayotumika kuingilia Windows 365 itaendelea kupata masasisho ya usalama bila malipo ya ziada kwa muda. Kwa hivyo zile saba si lazima zitupwe kesho.

Shida inaanza kwa aina ya malipo, na hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa kwa sababu wanaangalia majina.

Windows 365, iliyoanza Agosti 2021, ni nyumba ya kupanga. Kila mtu ana chumba chake, kodi ni ileile kila mwezi, uwe ulilala humo ama ulisafiri. Ni rahisi kuelewa na rahisi kuweka, hata mimi ningeweza kuisimamia. Lakini mwezi wa siku 30 una saa 720. Mweka hazina wetu hukaa kwa kompyuta siku ya soko na siku chache za mwisho wa mwezi. Tukisema ni saa 30, basi kikundi kinalipia saa 690 za kompyuta iliyolala. Kuna aina inaitwa Frontline, ambapo watu hadi watatu wanapokezana leseni moja kama walinzi wa zamu na kitanda kimoja, ila inakuja na usimamizi wa mashirika makubwa, na sisi hatuna mtu wa kazi hiyo.

Amazon WorkSpaces unaweza kulipa kwa mwezi, ama kwa saa. Ile ya saa ni tokeni ya stima: kuna ada ndogo ya kudumu kila mwezi, halafu unalipia saa ulizotumia. Ukitoka, inangoja kidogo halafu inajizima. Kwa kawaida ni saa moja, na hiyo saa ya kungoja nayo unailipia. Ukirudi unasubiri iamke. Kwa mtu wa saa 30 kwa mwezi, hii ndiyo yake. Kwa mtu anayeshinda kwa kompyuta kutwa kila siku, malipo ya mwezi yanaweza kuwa nafuu. Kwa hivyo kabla hujauliza bei, hesabu saa. Chukua karatasi, ibandike karibu na kila kompyuta kwa mwezi mmoja, mtu aandike ameketi saa ngapi na ametoka saa ngapi. Haina gharama na itakusaidia kuliko slaidi arobaini.

Halafu kuna Azure Virtual Desktop, na hiyo bana ni matatu. Mashine moja kubwa inabeba watu wengi kwa wakati mmoja, kila mtu na kiti chake. Ikijaa, nauli ya kila mmoja inashuka. Ikitoka na abiria wawili, mafuta ni yaleyale. Ukisahau kuizima jioni inalala ikinguruma na bili inapanda hadi asubuhi. Na matatu lazima iwe na dereva, mtu anayejua kuweka ratiba za kuwasha na kuzima, kuongeza mashine, kufuatilia bili. Kwa benki ama chuo chenye wanafunzi mia tatu, hii ni akili. Kwa watu saba wa Kivaa, dereva angekuwa ni yule jamaa wa slaidi. Kumbe ndiyo aliyokuwa anaipendekeza, nilipomuuliza mara ya pili.

Dola nayo. Tuseme kompyuta moja ni dola 30 kwa mwezi. Hiyo namba nimeichagua mimi ili tupige hesabu, usiende kumnukuu mtu. Watu saba ni dola 210. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, kwa hivyo ungelipa 33,600. Miezi michache baadaye shilingi ilipata nguvu hadi karibu 129, ungelipa 27,090. Kompyuta ni zilezile, kazi ni ileile, tofauti ni shilingi 6,510 kwa mwezi. Wakati huo wanachama wanauza ndengu kwa shilingi na wanaweka akiba kwa shilingi. Kikundi ambacho mapato yake yanategemea mvua kinafunga ndoa na bili inayotegemea soko la fedha. Unaona hiyo?

Sasa mtandao. Microsoft wenyewe wanapendekeza karibu megabiti 1.5 kwa sekunde kwa mtu mwenye kazi nyepesi, na 3 kwa kazi ya kawaida ya ofisi. Megabiti 1.5 ikitumika yote kwa saa nzima ni megabaiti 675. Mara nyingi hutaitumia yote, ukisoma ukurasa bila kusogeza chochote picha haibadiliki sana. Lakini ukipanga, panga na ile ya juu. Watu saba kwa pamoja ni megabiti 10.5, na hapo hakuna aliyefungua video. Ukifikiria kufanya hivi kwa bando za simu, achana nayo kabisa.

Kasi pekee haitoshi, umbali pia una neno. Seva za Amazon za hapa Afrika zenye huduma kamili ziko Cape Town, tangu 2020. Za Microsoft ziko Johannesburg, tangu 2019. Kila herufi unayoandika inaenda huko na kurudi, na Microsoft wanashauri safari hiyo ibaki chini ya milisekunde 150 ndio usihisi kuchelewa. Nilipima kwa simu nikiwa sokoni Kivaa. Asubuhi mapema ilikuwa shwari. Jioni, watu wakishatoka shambani na kila mtu yuko TikTok (wengine wakiniangalia mimi, asanteni), unaandika jina la mwanachama halafu unakaa ukingoja litokee. Muuzaji alikuja kufanya maonyesho yake saa nne asubuhi. Mimi ningemwambia arudi jioni ya siku ya soko.

Na kuna siku barabara yenyewe inakatika. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mtandao Kenya ulikuwa wa kujivuta kwa siku kadhaa, unakumbuka. Kwa wewe ilikuwa video inazunguka tu. Kwa ofisi ambayo kompyuta zake zote ziko ng'ambo ya huo mkato, ofisi yenyewe ndiyo inayozunguka. Siku kumi baadaye, mwezi uleule, Microsoft na G42 ya Imarati walitangaza mpango wa dola bilioni 1 unaojumuisha kituo cha data Olkaria, cha kuendeshwa kwa mvuke wa ardhini. Ingekuwa poa sana kwetu. Lakini hakuna aliyewahi kuingia kwa tangazo na nywila, kwa hivyo tusipange bajeti ya mwaka huu na seva za Olkaria.

Hayo yote ni ya kupiga hesabu. Sasa nije kwa lile lililonifanya niandike.

Mweka hazina wa kikundi ni mama mzee, mimi humwita susu kama watoto wengine wote wa huku. Alinijua nikibeba mitungi ya maji. Ana kaunta buku ya miaka, imefunikwa na karatasi ya kaki, na kila alichokiingiza kwa kompyuta kiko pia humo kwa kalamu. Jamaa alipomaliza slaidi, watu wakapiga makofi, susu akauliza kwa upole: "Kijana wangu, tukikosa kulipa mwezi mmoja, kitabu changu kinaenda wapi?"

Jamaa akacheka. Akasema, "Susu, haiwezi fika huko."

Hilo si jibu. Jibu lipo, na angeweza kumpa. Kwa Windows 365 ya Enterprise, mtumiaji akiondolewa leseni, kompyuta yake inapewa muda wa siku 7, halafu inafutwa na vilivyo ndani yake. Kwa Amazon, akaunti ikifungwa kuna siku 90 za kuifungua tena kabla vitu havijafutwa moja kwa moja. Kila huduma ina kalenda yake na imeandikwa. Ile kompyuta ya mitumba iliyo chini ya meza ina shida nyingi, vumbi, feni inapiga kelele kama posho mill, lakini haijui kama umelipa ama hujalipa. Na huku tumewahi kuwa na misimu miwili mfululizo mvua ikikosa. Mwezi mmoja bila pesa si jambo la kuchekewa.

Halafu nikauliza langu. Akaunti kuu, ile yenye uwezo wa kuunda watumiaji, kuwafuta na kubadilisha nywila zao, itafunguliwa kwa imeili ya nani? Akasema ya kampuni yake, "ndio iwe rahisi kuwahudumia." Na kadi ya kulipia? Ya kampuni yake pia, kikundi kitamtumia kwa M-Pesa.

Wasee, soma hiyo tena. Akiba za watu, nani anadaiwa ngapi, namba za vitambulisho, namba za simu za wanachama wote, ziko ndani ya nyumba ambayo hati ni ya mtu mwingine. Sisemi jamaa ni mwizi. Huenda ni mtu safi kabisa. Lakini mtu safi pia huhama, hugonjeka, kampuni yake hufungwa, ama mnakosana tu. Kuna kwaya ya huku nilikuwa nawarekodia video. Kijana mmoja aliwafungulia chaneli ya YouTube kwa imeili yake, kwa nia njema. Walipokosana juu ya pesa ya mafuta, chaneli ikaenda naye, na nyimbo zote. Walianza tena kutoka sifuri. Hizo zilikuwa nyimbo. Hapa ni pesa za watu wa kijiji, na kikundi ndicho kitakachosimama mbele ya wanachama kujibu, pia mbele ya Kamishna wa Ulinzi wa Data mambo yakiharibika. Sheria ya 2019 haikatazi moja kwa moja kuweka data nje ya nchi, ila inaweka masharti ya ulinzi, na "jamaa wetu ndiye ana nywila" sidhani kama utasimama nayo mahali.

Watu wataniambia, "Wewe unaogopa teknolojia." Mimi? Naishi kwa teknolojia, kodi yangu inalipwa na teknolojia. Naomba tu kikundi kiingie kikiwa na funguo mkononi.

Kwa hivyo pendekezo langu kwa kamati ni hili. Wa winguni wawe wawili tu, mweka hazina na mwenyekiti. Sababu ni kwamba programu yao ya hesabu inataka Windows, na mwenyekiti hushinda Thika wiki nzima, kwa hivyo wawili hawa lazima waone kitabu kimoja bila kutumiana faili kwa WhatsApp hadi hakuna anayejua ipi ndiyo ya mwisho. Walipie kwa saa. Wale watano wengine wanaandika barua na orodha za ndengu, mashine zao ziwekewe Linux na LibreOffice, vyote vya bure, nitakuja Jumapili mbili nizifanye mwenyewe kwa soda. Kila Ijumaa nakala ya hesabu ishushwe kwa diski, diski ikae nyumbani kwa mtu ambaye si mweka hazina. Ruta na laptopu mbili zipate betri ya akiba, maana kompyuta ya winguni isiyozimika haikusaidii kama ruta yako imezimika.

Akaunti kuu ifunguliwe kwa imeili ya kikundi. Msimbo wa kuingilia uende kwa simu mbili, ya mwenyekiti na ya mweka hazina. Jamaa aongezwe kama fundi, apewe ruhusa za fundi, na kamati ifundishwe jinsi ya kumtoa siku hiyohiyo, mbele yake. Kadi iwe ya kikundi. Tahadhari ya bajeti iwekwe, mkijua kwamba ile ya Amazon kwa kawaida inakupigia kelele tu bili ikipanda, haizimi kitu.

Na kaunta buku ya susu isiguswe. Hata benki wana nakala.

Mimi nina kura moja kama mwanachama wa upande wa vijana. Jamaa akikubali kuifungua hiyo akaunti mbele ya kamati yote, susu akiwa ameshika simu inayopokea msimbo, nitainua mkono kwa kompyuta mbili za saa. Akisema ni lazima iwe kwa imeili yake, nitainua mkono atafutwe mwingine, na tuendelee na zile saba zikiwa zimetolewa kwa intaneti hadi apatikane.